Siku Arobaini za Kamba

Jina la Kisigino hakupewa na mama yake. Walimpa wateja, kwa sababu ukimpelekea kiatu chochote, hata kama kimekatika mkanda tu, atakigeuza, atakitazama chini, na kusema, "Kisigino nacho kimekwisha hiki. Tukibadilishe?" Mtu wa biashara. Fundi viatu, umri miaka arobaini na mmoja, mke hana, mtoto hana, na kibanda chake kilikuwa chini ya ngazi za jengo la ghorofa nne, mahali ambapo wenye jengo wangeweka ndoo na mifagio kama yeye asingewahi.

Na alikuwa na kifafa. Mimi nalisema mapema, maana yeye lilimchukua miaka ishirini na tisa kulisema. Kilimwanza akiwa na miaka kumi na miwili. Alianguka shuleni, akaanguka sokoni, akaja kuangukia jiko la kuyeyushia gundi, na mkono wake wa kushoto mpaka leo una ngozi iliyojikunja kutoka kiwikoni hadi kwenye kiganja. Dada yake mkubwa ndiye aliyekuwa akimlaza ubavu, akimfuta mate, na kuwatimua wale waliosimama mbali wakipiga kelele kwamba asiguswe, wataambukizwa.

"Nimemgusa miaka yote hii, mbona mimi sianguki?" dada mtu alikuwa akiwajibu. "Wanaoanguka hapa ni nyinyi, tena kwa pombe!" Mdomo alikuwa nao huyo mama, usimwone hivyo.

Basi kibanda kilipangwa kwa akili ya mtu anayejua kwamba saa yoyote anaweza kwenda chini. Alikalia kigoda kifupi, ili safari ya kufika sakafuni isiwe ndefu. Kisu cha kukatia soli alikifunga kwa uzi kwenye mguu wa meza, kisije kikaanguka naye. Gundi alinunua ile isiyotaka moto. Na kila asubuhi na kila jioni alimeza kidonge chake, na vidonge hivyo ndivyo vilivyompa miaka mitatu mizima ya kusimama kwa miguu yake. Si kitu kingine, ni vidonge.

Ugonjwa ukarudi kwenye ukoo kwa mlango mwingine. Dada yake alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, ambaye mtaa mzima ulimwita Chiriku kwa sababu domo lake halikuwa na likizo. Alipofika miaka kumi na minne akaanguka shuleni, kwenye mstari wa asubuhi, mbele ya shule nzima. Akaanzishiwa vidonge vilevile vya mjomba wake. Vikamtuliza, lakini vikamnenepesha, vikamsinzisha darasani, na wasichana wenzake wakamtungia jina jingine ambalo sitalitaja. Alivichukia vidonge vile kwa moyo wake wote. Mama yake alimpa kwa mkono wake mwenyewe na kusimama mlangoni mpaka ameze.

Kliniki yao ilikuwa Jumatano, chumba kimoja nyuma ya stoo ya hospitali, wagonjwa thelathini na wanane, na muuguzi mmoja waliyemwita Sista. Jumatano moja Sista alifungua kabati na kuliacha wazi ili kila mtu aone.

"Tazameni wenyewe, msije mkasema nimeficha," alisema. "Hakuna hata kimoja. Sijui zitakuja lini. Mwenye uwezo akanunue dukani, asiye na uwezo..." Hapo akakwama, akaanza kupanga kadi zilizokuwa zimeshapangwa.

Dukani bei yake ilikuwa ya kuuza kitanda. Baada ya wiki tatu seremala mmoja kijana, mwenzao wa Jumatano, alikutwa bafuni uso wake ukiwa ndani ya ndoo ya maji. Walimzika. Wakati wa kurudi dada mtu akamshika ndugu yake mkono ule wenye kovu.

"Chiriku amebakiwa na vya siku ishirini na tatu," alimwambia. "Nifanye nini, ndugu yangu? Kitanda nimeshauza."

Kisigino hakulala vizuri siku hizo. Na wazo lilipomjia, hata yeye lilimtia aibu. Daktari alishamkataza baiskeli, alishamkataza kuogelea, alishamkataza kukimbia barabarani. Lakini kamba mtu huiruka palepale alipo, na akianguka, anaanguka palepale alipo. Angeruka kamba mara elfu moja kila siku, saa sita mchana, mbele ya jengo, siku arobaini, na mwenye huruma achangie dawa za kliniki. Fedha ziende moja kwa moja kwa Sista na kamati ya wagonjwa wa Jumatano, zisipite mkononi mwake. Aligundisha mapande ya mpira wa soli, akapata mkeka mnene wa kurukia. Jirani yake, mwenye duka la fotokopi, akamchapia tangazo kwa herufi kubwa: KISIGINO ANA KIFAFA. ANARUKA KAMBA ILI WENZAKE WAPATE DAWA.

Lilipobandikwa ukutani, Kisigino alilitazama akajiona yuko uchi. Siku hiyohiyo mama mmoja alikuja kuchukua viatu vyake kabla havijashonwa. Alivichukua kwa ncha za vidole.

Siku za mwanzo ilikuwa ni kicheko. "Mzee mzima na kamba! Kesho tutakununulia mwanasesere!" Aliruka mara mia akahema kama atakata roho, akapumzika, akaruka tena mia. Chiriku alitoka shule mbio saa ya mapumziko kuja kumhesabia, na alihesabu kwa sauti ya kuuza samaki, akiwatania waliosimama: "Mia tatu na kumi! Wewe kaka mwenye tumbo, njoo ujaribu kumi tu, kumi tu, tukuone!" Watu walicheka, wengine wakatoa chochote. Siku ya sita vigimbi vya miguu vilimvimba, akashona viatu akiwa ameichovya miguu kwenye beseni la maji ya chumvi. Lakini mchango ulikuwa wa kudondoka tone moja moja. Hadi siku ya kumi na moja hazikupatikana hata fedha za dawa za mtu mmoja kwa mwezi, na Chiriku alikuwa na vidonge vya siku nane.

Siku ya kumi na mbili akaitwa redioni.

Mtangazaji alikuwa kijana mchangamfu, mwenye meno mazuri, aliyependa mambo yaende haraka. Alimuuliza kuhusu kuanguka, kuhusu jiko la gundi, akasikitika vizuri. Kisha akasema, "Kwa hiyo wasikilizaji, mnamsikia wenyewe! Mtu aliyekuwa akianguka kila wiki, leo anaruka kamba mara elfu na haanguki. Fundi, tuseme kamba ndiyo iliyokuponya?"

Kisigino alifungua mdomo. Kidonge chake cha asubuhi, kimoja kati ya vichache alivyobakiwa navyo, alikimeza kwa chai saa mbili tu zilizopita. Lakini alitazama kupitia dirisha la kioo la studio, akaona binti wa upande wa pili akipokea simu mbili kwa mpigo, moja sikio hili, nyingine sikio lile, akiandika na kumwonyeshea mtangazaji kidole gumba. Watu walikuwa wanachanga. Walikuwa wanachanga kwa sababu ya hadithi ile, si kwa sababu ya nyingine.

"Kamba imenisaidia sana," alisema, na akacheka.

Ndiyo hayo tu. Hakusema uongo, atakuapia. Lakini jamani, tusidanganyane, kuna kunyamaza kunakosema kuliko kusema.

Fedha zikaja. Zilikuja kutoka kwa watu ambao hajawahi kuwaona, wenye magari, wenye vikundi vya mazoezi, mwalimu mmoja aliyeleta mchango wa shule nzima. Siku ya kumi na tano Sista na kamati wakaenda kununua dawa za miezi sita kwa watu wote thelathini na saba waliobaki, na kesho yake, Jumatano, kabati likafunguliwa likiwa limejaa. Kuna mama alipiga kigelegele hospitalini, akanyamazishwa, akapiga tena. Dada mtu alilia palepale foleni. "Umeniokolea mtoto," alimwambia ndugu yake. "Hata nikifa leo, umeniokolea mtoto."

Kesho yake Chiriku alipita kibandani akitoka shule. Kisigino alikuwa anapigilia kisigino cha kiatu cha kike, mwenye kiatu amesimama mguu mmoja anasubiri, na mdomoni, kama mafundi wote wa kazi hiyo, alikuwa amebana misumari midogo sita au saba kati ya midomo.

"Mjomba," Chiriku alisema, na kwa mara ya kwanza alisema kwa sauti ndogo. "Kumbe wewe uliacha vidonge? Uliacha lini?"

Kisigino aliinua kidole: subiri. Akatoa msumari mmoja mdomoni, akaupigilia. Akatoa wa pili. Misumari angeweza kuitema kiganjani, ni kazi ya kufumba na kufumbua. Lakini alikuwa anafikiri. Chiriku na siri walikuwa hawapatani hata kidogo. Akimwambia ukweli, jioni mtaa mzima utajua kwamba Kisigino wa redioni anameza vidonge kama mgonjwa mwingine yeyote, na mchango bado ulikuwa unaingia, na dawa za miezi sita ni za miezi sita tu. Akapigilia msumari wa tatu, wa nne. Alipoinua kichwa, msichana alikuwa ameshaondoka.

Nitamwambia kesho, alijisemea. Kesho yake Chiriku alikuja akiwa na kamba yake mwenyewe, ya plastiki, ya kijani. Wakaruka pamoja saa sita, watu wakapiga makofi, mwenye fotokopi akawapiga picha. Kisigino alimtazama mtoto wa dada yake anavyoruka, jasho linamtoka, anacheka, anapungua mwili kila wiki, darasani hasinzii tena. Akaona ni furaha tu. Ile kesho ya kumwambia ikasogea mbele, ikasogea tena, mpaka akaisahau.

Siku ya thelathini na saba, asubuhi, dada mtu alikwenda kumwamsha mwanawe kwenda shule akamkuta amelala kifudifudi, uso umezama kwenye mto. Alikuwa amepoa muda mrefu. Shuka lilikuwa limejikunja lote miguuni.

Siwezi kuwasimulia kilio cha mama huyo, na hata ningeweza nisingetaka. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Kisigino alichimba kaburi, akasaidia kulibeba jeneza, akafukia. Kamba hakuishika tena. Mwenye fotokopi alikuja na maneno ya taratibu kwamba zimebaki siku tatu tu, na watu wameahidi, akamtazama usoni, akaondoka bila kumaliza.

Siku ya tisa baada ya maziko, dada mtu alimpa mfuko wa vitu vya marehemu. "Viatu vya shule hivi vitamfaa mtu," alisema. "Vishone kwanza, umpe mtoto yeyote." Kisigino akaenda navyo kibandani. Vilikuwa jozi mbili, vipya na vya zamani vilivyombana. Sasa, fundi hashiki kiatu bila kutia mkono ndani mpaka nchani, kupapasa kama soli ya ndani imeinuka. Ndivyo mkono wake ulivyozoea. Akautia kwenye kile cha zamani cha kulia, akakuta karatasi ya daftari iliyosokotwa. Ndani yake mlikuwa na vidonge. Vingine vilikuwa vimelainika kwa mate na kukauka tena, vimeshikana. Alivimwaga mezani akavitenganisha kwa ncha ya sindano. Vilikuwa thelathini na tisa. Akahesabu siku kurudi nyuma, na hesabu ikamfikisha kwenye ile siku ya misumari.

Alikaa pale mpaka mlinzi wa jengo akaja kumwambia anafunga geti.

Mngedhani alikimbilia kwa dada yake kumwambia. Hakukimbia popote. Alivirudisha vidonge kwenye karatasi, akavitia mfukoni, akatembea navyo wiki nzima. Aliogopa. Dada huyo ndiye mtu pekee duniani aliyewahi kumshika wakati wengine wanarudi nyuma, na baada yake hana mwingine, hana mbele wala nyuma. Mtu wa namna hiyo unamwambiaje kwamba umemuulia mtoto?

Lakini mwenye uchungu hakai kimya. Dada mtu alianza kuzungumza, na alizungumza na wale wenye masikio ya kumsikia, kina mama wa Jumatano. "Dawa zile si dawa," aliwaambia, nyumba hadi nyumba. "Mwanangu alizimeza mbele ya macho yangu, asubuhi na jioni, hakukosa hata siku moja, na zimemuua. Ndugu yangu yeye ameponywa na kamba, redio nzima imesikia. Wenzangu, msiwalishe watoto sumu." Nani atabishana na mama aliyezika?

Sista mwenyewe alifunga safari hadi kibandani. Alisimama chini ya ngazi, mkoba kifuani.

"Jumatano iliyopita wamekuja kumi na mmoja," alisema. "Kabati limejaa, watu hawaji. Kuna mtoto wa miaka mitano ameanguka mara nne jana. Mama yake ananiambia hatampa, heri ajifunze kamba." Akamtazama Kisigino vizuri, akashusha sauti. "Na kadi yako nimeiona. Wewe pia hujachukua zako. Kulikoni?"

Kisigino alisema atakuja. Sista alipoondoka alifunga kibanda mchana kweupe, akaenda kwa dada yake.

Alimkuta uani anafua. Akamwomba akae, dada akakataa kukaa. Basi Kisigino akamwambia dada yake akiwa vilevile amesimama, mikono ya dada imejaa povu. Akamwambia yote: kidonge cha asubuhi ile ya redioni, binti wa simu, misumari, kidole alichoinua, na kwa nini hakuitema. Hakujipunguzia hata kidogo. Kisha akaweka karatasi juu ya jiwe la kufulia na kuifungua.

Dada mtu alivitazama vidonge kwa muda mrefu. Povu likamkaukia mikononi.

"Alikuwa akiniuliza mambo ya ugonjwa huu kila siku," alisema mwishowe. "Kila siku. Na mimi nikamwambia, mwanangu, mimi sijui kitu, muulize mjomba wako. Yeye ndiye anayejua."

"Dada, nisamehe."

"Usinitamkie neno hilo. Usilitamke hapa kwangu." Hakupaza sauti, na bora angepaza. "Jumatano nitawaita wote waje. Utasimama mbele yao useme kama ulivyosema redioni. Sasa nenda."

Jumatano walikuja. Dada mtu aliwafuata mmoja mmoja majumbani, kwa miguu, na aliyekataa alimsubiri mlangoni mpaka akachoka kukataa. Chumba kilijaa, wengine wakasimama stoo. Kisigino alisimama mbele ya kabati. Redioni alikuwa na maneno mengi. Hapa aliyatoa kama mtu anayeng'oa misumari kwenye soli kavu.

"Mimi sijaponywa na kamba," alisema. "Nilikuwa nameza dawa siku zote nilizoruka. Mtoto wa dada yangu alidhani nimeacha, akaacha na yeye. Alizificha chini ya ulimi, akazificha kiatuni. Hakuuawa na dawa. Amekufa kwa kuzikosa, na alizikosa kwa sababu mimi nilinyamaza."

Mzee mmoja alimtukana, tusi kubwa, na hakuna aliyemkemea. Mama mmoja akasema wote wamefanywa wajinga, akataka kujua waliochanga watarudishiwa vipi fedha zao. Kisha yule mama mwenye mtoto wa miaka mitano, bila kusema lolote, alipapasa ndani ya pochi yake, akatoa kichupa ambacho hakikuwa kimefunguliwa, akashindwa kukifungua. Dada mtu alikwenda akamfungulia. Alimshika mtoto kidevu, akampa kidonge, akamnywesha maji, akangoja koo lishuke.

Sista akaanza kuita majina. Kadi moja baada ya nyingine watu walipita, wakachukua zao na kutoka bila kumtazama Kisigino. Alipoita jina la Kisigino, hakusogea.

"Hujameza tangu lini?" dada yake alimuuliza.

"Tangu nilipokuta vile vya kiatuni."

"Siku kumi na mbili." Alihesabu papo hapo. "Unataka na wewe ukutwe asubuhi umelala kifudifudi. Upumzike."

Kisigino alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa kabati.

"Mimi nani kaniambia nipumzike?" Alichukua kichupa mezani kwa Sista, akatoa kidonge, akakiweka kwenye kiganja cha ndugu yake, akampa kikombe kilekile alichonywea mtoto. "Meza. Na jioni nitakuja kibandani umeze tena, na kesho asubuhi, na kila siku iliyobaki ya maisha yako. Hufi. Utaishi na jambo hili, kama mimi ninavyoishi nalo."

Akameza.

Dada mtu hakuondoka. Alimsogelea mpaka pumzi zao zikakutana, mbele ya watu wote.

"Fungua mdomo," alisema. "Inua ulimi nione."